Picha ya heroe ina mwenyewe

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwetu kwamba kitu kikishaingia katika simu za watu huwa kimempoteza mwenyewe. Picha ya ndege, makala ya gazeti, ramani ya njia ya mlimani, mchoro wa ua: vyote hivi vikishapita katika mikono mitatu au minne huhesabiwa kuwa mali ya wote, sawa na maji ya mvua. Nimeisikia dhana hii ikitetewa na walimu, wafanyabiashara na hata watumishi wa serikali hapa Nakuru. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ni potovu, kwamba inawaumiza vijana wetu wenye kipaji, na kwamba, kwetu sisi wakazi wa Bonde la Ufa, inatupokonya pia ushahidi wa mambo yanayoyapata maziwa yetu.

Nianze na mahali penyewe. Ziwa Nakuru lilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1968. Mwaka wa 1990 likaingizwa katika orodha ya maeneo ya ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mwaka wa 2011 shirika la UNESCO likaliorodhesha, pamoja na Bogoria na Elementaita, miongoni mwa turathi za ulimwengu. Sifa hii yote ililetwa kwa kiasi kikubwa na ndege, hasa heroe, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita flamingo. Na sifa ya heroe, tukisema kweli, ilienezwa na picha. Mtu wa Tokyo au Berlin ambaye hajawahi kukanyaga Kenya anaujua ufuo ule wa rangi ya waridi kwa sababu kuna mtu aliyelala kifudifudi matopeni alfajiri, akawasubiri ndege wajipange, akapiga picha.

Zamani watu wa aina hiyo walikuwa wachache. Kamera ilikuwa ghali, filamu ilikuwa ghali, na kuisafisha filamu ilikuwa gharama nyingine. Leo hali ni tofauti. Vijana wa Lanet, Njoro, Gilgil na Naivasha wanapiga picha za kiwango cha juu, wengine kwa kamera walizonunua kwa mkopo, wengine kwa simu. Wamejiunga katika vikundi vya uraibu: watazamaji wa ndege, wapanda milima wa Menengai na Longonot, mashabiki wa mbio za magari, wapenzi wa historia na mawe ya kale. Jumapili jioni picha humiminika katika vikundi hivyo vya simu, na pamoja nazo makala, vitabu vizima na kurasa za magazeti.

Sina ugomvi hata kidogo na uraibu huu. Elimu ya viumbe katika nchi hii ilijengwa na watu wa uraibu kabla ya kuwa na idara na shahada. Chama ambacho leo tunakifahamu kwa jina la Nature Kenya kilianzishwa mwaka wa 1909 na watu waliokusanya vipepeo na kuhesabu ndege kwa mapenzi tu. Hadi leo, hesabu za ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa, ambazo zimefanywa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hutegemea watu wa kujitolea wenye darubini na daftari. Kwa hivyo ninaposema kwamba tunakosea, nasema kama mtu anayewatakia mema wapenda ndege, si kama askari aliyetumwa kuwakamata.

Tatizo ni nini basi? Tatizo ni kwamba picha inapopita kutoka kikundi kimoja hadi kingine, jina la mpigaji hudondoka njiani. Tarehe hudondoka. Mahali pia hudondoka. Mwishoni hubaki picha yatima, na yatima, kama tujuavyo, humilikiwa na yeyote mwenye nguvu.

Hebu tuitazame sheria inasemaje. Kenya ilitunga Sheria yake ya kwanza ya Hakimiliki baada ya uhuru mwaka wa 1966. Mwaka wa 1993 ikajiunga na Mkataba wa Berne, ule mkataba wa kimataifa wa mwaka wa 1886 unaozitaka nchi wanachama kulinda kazi za waandishi na wasanii wa nchi nyingine kama zinavyolinda za wananchi wao. Sheria tuliyo nayo sasa ni ile ya mwaka wa 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka wa 2019 ili ikabiliane na mambo ya intaneti. Msimamizi wake ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, inayojulikana zaidi kwa jina la KECOBO. Juu ya haya yote, Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 40, inaitaka Serikali iunge mkono, ikuze na ilinde haki za wananchi katika mali ya ubunifu. Mali ya akili, kwa hivyo, imetajwa katika kifungu kile kile kinacholinda shamba na nyumba.

Jambo la kwanza ambalo msomaji anapaswa kulifahamu ni kwamba hakimiliki haisubiri kuombwa. Mtu apigapo picha, au aandikapo makala kwa jitihada yake mwenyewe, haki huzaliwa papo hapo. KECOBO inasajili kazi za wanaotaka, na cheti chake ni ushahidi mzuri mzozo unapotokea, lakini kusajili si sharti la kuwa na haki. Wala alama ile ya herufi C ndani ya duara si sharti. Kwa sababu hiyo, utetezi wa kwanza unaotolewa na wengi, kwamba picha haikuwa na jina wala alama, hauna mashiko. Ng'ombe asiye na chapa aliyeonekana barabarani Rongai bado ana mwenyewe. Anayemwona huuliza ni wa nani. Hamfungi kwake na kuanza kumkama.

Utetezi wa pili ni huu: "Mimi siuzi, nawapa wenzangu tu." Hapa pana ukweli kidogo ambao lazima tuukiri. Sheria yetu inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi ya kibinafsi, uhakiki, na kuripoti matukio ya sasa, mradi chanzo kitajwe pale sheria inapotaka hivyo. Ukiihifadhi picha ya mwari wa Elementaita katika simu yako ili ujifunze kumtofautisha na ndege mwingine, hakuna atakayekushtaki. Ukinukuu aya moja ya makala ili uipinge au uiunge mkono, ukamtaja mwandishi, uko salama. Lakini kikundi chenye watu mia tano kutoka Nakuru hadi Nairobi na ng'ambo si chumba chako cha kulala. Kutuma kazi nzima ya mtu kwa umati wa namna hiyo ni kuisambaza kwa watu, na haki ya kusambaza ni miongoni mwa zile ambazo sheria imemwachia mwenye kazi peke yake. Kutouza hakukufanyi uwe mwenye mali. Anayegawa bure maembe ya jirani anasifiwa na walaji, lakini jirani bado amepoteza maembe.

Utetezi wa tatu hutolewa na waungwana zaidi: "Nimemtaja." Kumtaja ni jambo jema na la lazima. Sheria ya 2001 inampa mtunzi haki za kimaadili, yaani haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe au kukatwakatwa kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hizi ni zake hata kama ameuza haki za kibiashara. Hata hivyo, kumtaja na kumwomba ruhusa ni mambo mawili. Aliyechukua baiskeli yako akaandika kwa chaki "hii ni baiskeli ya fulani" hajakuazima. Katika mambo ya kawaida ya kikundi wapiga picha wengi hutosheka na kutajwa, na hilo ni kwa hisani yao. Tusiigeuze hisani kuwa deni.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba sheria hailindi kila kitu, na ni muhimu watu wa uraibu wajue pale walipo huru ili wasiishi kwa hofu. Habari yenyewe haina hakimiliki. Kwamba jana heroe walionekana kwa wingi Bogoria, kwamba idadi ya mwari imepungua, kwamba maji yamefika kwenye barabara fulani ya mbuga: hayo ni mambo yaliyotukia, na kila mtu ana uhuru wa kuyasimulia kwa maneno yake. Wazo pia halina mwenyewe. Mtu hawezi kujitwalia wazo la kupiga picha ndege mawio ya jua yakiwa nyuma yao. Kinacholindwa ni namna mtu alivyolieleza jambo: sentensi zake, mpangilio wake, picha yake. Kwa hivyo, ukisoma makala nzuri kuhusu heroe, andika mistari minne ya muhtasari kwa lugha yako, mtaje mwandishi na gazeti, kisha watumie wenzako kiungo cha mahali makala ilipo. Umetoa elimu, na hakuna aliyeibiwa.

Hapa lazima niseme wazi kwamba nina maslahi. Mimi huandika magazetini, na kila alfajiri nakala kamili za magazeti ya nchi hii, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa michezo, hupitishwa bure katika vikundi vya simu kabla muuzaji wa gazeti pale stendi ya Nakuru hajafungua furushi lake. Wanaozituma hudhani wanawafadhili maskini. Lakini gazeti lina mwandishi aliyelala Baringo kufuatilia habari, lina mpiga picha, mhariri, mpiga chapa, dereva na muuzaji. Wote hao hula kutokana na senti zile anazotoa msomaji na mtangazaji. Bandu bandu huisha gogo. Chumba cha habari kikipungukiwa na fedha, wa kwanza kuondolewa ni mwandishi wa mikoani, yule ambaye angetuambia maji ya ziwa yamefika wapi. Halafu sisi tutabaki kulalamika kwamba magazeti hayaandiki habari za kwetu.

Nirudi kwenye picha. Namfahamu kijana mmoja wa hapa mjini, ambaye sitamtaja, aliyekaa siku tatu kando ya Elementaita akingojea heroe waruke kwa pamoja. Aliipata picha hiyo siku ya tatu, na akaituma katika kikundi chake cha watazamaji wa ndege kwa furaha ya kushiriki. Miezi michache baadaye aliiona katika kijitabu cha matangazo cha kampuni moja ya utalii. Alipouliza, aliambiwa kwamba picha ilitoka "kwenye simu", kana kwamba simu hupiga picha na kuzitaga kama kuku. Hakulipwa. Hakutajwa. Tangu hapo hatumi tena picha katika kikundi, na wenzake wamepoteza jicho lililokuwa likiwafundisha.

Msomaji, zingatia mtiririko huo. Kampuni ile haikuvunja nyumba ya kijana. Iliokota kitu ambacho watu wema, wapenzi wa ndege, walikuwa wamekwisha kukivua jina. Sisi wa uraibu hatuuzi, ni kweli, lakini tunamfungulia mlango anayeuza. Na hasara haimwangukii tajiri wa ng'ambo. Inamwangukia kijana ambaye picha moja iliyolipiwa ingemlipia kodi ya nyumba kwa mwezi, katika mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021 huku vijana wake wengi wakiwa bado hawana kazi.

Kuna hasara nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo naiona kuwa kubwa zaidi. Maziwa yetu yamebadilika. Kuanzia mwaka wa 2010 hivi, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda. Ziwa Nakuru lilifurika, likafunika lango kuu la zamani la mbuga, likaizamisha misitu ya migunga ya ufuoni. Maji yalipoongezeka, magadi yalipungua makali, na mwani ambao ndio chakula cha heroe mdogo ukapungua. Ndege wengi walihamia Bogoria na kwingineko. Huwa wanarudi, wanaondoka, wanarudi tena. Hivyo ndivyo heroe walivyo. Lakini picha ya zamani, ile ya ufuo mzima wa waridi, ingali inazunguka bila jina wala tarehe, na kila mwaka kuna mtu huituma akisema: "Tazameni Nakuru asubuhi ya leo."

Matokeo yake ni nini? Mtalii anasafiri kutoka mbali, anaona maji na miti iliyokauka, anahisi kwamba amelaghaiwa na kiongozi wake wa safari. Mwanafunzi wa chuo anaiweka picha katika tasnifu yake kama ushahidi wa hali ya sasa. Kiongozi naye anaionyesha mkutanoni kuthibitisha kwamba ziwa halina shida na kwamba wanaolia juu ya maji taka na ukataji wa miti Mau ni wazushi. Picha ambayo ingekuwa shahidi wa kweli, kwa kuwa ilipigwa mwaka fulani, mahali fulani, na mtu anayeweza kuulizwa, imegeuzwa kuwa shahidi wa uongo. Laiti jina la mpigaji lingebaki, mtu angempigia simu na kumuuliza: "Ulipiga lini?" Jina la mwenye picha ndiyo njia ya kuurudia ukweli. Hii ndiyo sababu nasema kwamba hakimiliki, kwa watu wa uraibu, ni jambo la uaminifu kabla ya kuwa jambo la fedha.

Wapo watakaosema kwamba nataka kila kitu kifungiwe milele. La hasha. Sheria yenyewe imeweka mwisho. Kwa maandishi, ulinzi hapa Kenya hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa picha, ni miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa hadharani au ilipochapishwa mara ya kwanza, kwa kutegemea tukio lililokuja mwisho. Tuchukue mifano ya hapa kwetu. Louis Leakey, aliyechimbua mapango ya karibu na Elementaita katika miaka ya 1920 na kuchapisha mwaka wa 1931 kitabu kuhusu zama za mawe nchini, alifariki mwaka wa 1972. Maandishi yake mwenyewe, kwa sheria ya Kenya, yamekuwa huru tangu mwanzo wa mwaka wa 2023. Joy Adamson, aliyeishi Elsamere kando ya Ziwa Naivasha, alifariki Januari 1980. Maandishi yake yatalindwa hadi mwisho wa mwaka wa 2030. Mary Leakey, aliyechimbua Hyrax Hill mnamo 1937 na 1938, alifariki mwaka wa 1996. Yake yatalindwa hadi mwisho wa 2046.

Kwa hivyo mpenzi wa historia wa Nakuru anaweza leo kukinakili kitabu cha zamani cha Louis Leakey na kuwagawia wenzake hapa nchini bila kumwogopa mtu. Lakini aangalie anakituma wapi, kwa maana Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huhesabu miaka 70 badala ya 50. Na aangalie pia kwamba dibaji mpya, tafsiri mpya au michoro mipya iliyoongezwa katika toleo la karibuni ina wenyewe wake.

Pana jambo jingine linalowashangaza wengi. Kwa sheria yetu, kazi iliyoagizwa kwa malipo, au iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, huhesabiwa kuwa imehamishiwa kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, na magari kuanza kutifua vumbi Naivasha, Soysambu na Elementaita, vijana wengi waliitwa kupiga picha. Kijana anayeitwa na kampuni kwa kazi ya namna hiyo na kulipwa bila mkataba wa maandishi hana budi kujua kwamba huenda picha zile si zake tena, na kwamba kuzituma katika kikundi cha mashabiki kunaweza kumtia matatani. Aliyeenda kwa nauli yake na kusimama kwenye kichaka chake mwenyewe, picha ni yake. Wosia wangu kwa vijana ni mfupi: andikianeni, hata kama ni katika karatasi moja, kabla ya kupiga picha ya kwanza.

Tusichanganye pia haki ya aliyepiga na haki ya aliyepigwa. Ndege hawezi kushtaki. Huko Marekani mahakama ya rufaa iliamua mwaka wa 2018 kwamba tumbili aliyejipiga picha kwa kamera ya mtu huko Indonesia hawezi kudai hakimiliki mahakamani. Binadamu anaweza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa habari yake binafsi. Septemba 2023 afisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja Sh1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa hivyo mtalii, mchungaji wa Kimaasai au mtoto wa shule aliyeingia katika picha yako ya ndege ana neno lake, ijapokuwa hakimiliki ni yako.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya maskini. Msomaji ataniuliza: kijana wa Kaptembwo atalipaje usajili wa majarida ya kisayansi ya ng'ambo, ambayo mara nyingine yameandikwa kuhusu ziwa analoliona kutoka mlangoni kwao? Huu ni uonevu wa kweli, wala sitaufumbia macho. Watu waliwahesabia watafiti ndege wetu bure, kisha matokeo yakauzwa kwa bei isiyofikika. Lakini dawa ya uonevu huo si kumvua mpiga picha wa Gilgil jina lake. Dawa ni kudai tafiti zinazofanyika nchini zitolewe kwa wananchi bila malipo, kumwandikia mtafiti na kumwomba nakala, jambo ambalo wengi wao hulikubali kwa furaha, na kutumia kazi ambazo wenyewe wamezifungua. Tangu mwaka wa 2002 pamekuwapo leseni za Creative Commons, ambazo mtunzi huzitumia kutangaza: chukueni, mradi mnitaje; au chukueni, lakini msiuze. Maelfu ya picha katika kamusi elezo ya Wikipedia ziko chini ya leseni hizo. Mwenye moyo wa kutoa ana njia ya kutoa, na uamuzi unabaki kuwa wake.

Tufanye nini basi? Mambo machache yangetosha. Kila kikundi cha uraibu kiwe na kanuni yake, isomwe na kila anayeingia: picha yako, weka jina, tarehe na mahali; picha ya mwenzako, omba ruhusa kabla ya kuipeleka nje ya kikundi, na uipeleke na jina lake; picha usiyojua imetoka wapi, usiitume. Makala yatumwe kama kiungo na muhtasari, si kama nakala nzima. Viongozi wa vikundi wasione haya kuondoa kilichotumwa kinyume cha kanuni. Anayeonewa mtandaoni ajue kwamba tangu marekebisho ya 2019 anaweza kumpelekea mtoaji wa huduma za intaneti ilani ya kutaka kazi yake iondolewe, na kwamba mlango wa KECOBO uko wazi kwa malalamiko.

Serikali ya kaunti nayo ianze nyumbani. Kila kaunti hutangaza utalii wake kwa mabango na kurasa za mitandao. Yetu ingeweka sera kwamba hakuna picha itakayotumiwa bila kununuliwa au kuombwa, na bila jina la mpigaji kuandikwa chini yake. Ni gharama ndogo, na ingewafundisha wafanyabiashara wa hoteli na magari ya watalii adabu ambayo wengi wao wameisahau. Walimu nao, wanapowafundisha watoto kutumia tarakilishi, wawafundishe kuandika chanzo kama wanavyowafundisha kuandika jina lao juu ya karatasi ya mtihani.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mpiga picha wa Bonde la Ufa ni mnyonge wa zama hizi: hana chama chenye nguvu, hana wakili, na bidhaa yake huibwa kwa kidole kimoja. Haki anayoidai ni ndogo. Anataka aulizwe, na atajwe. Siku picha inayofuata ya heroe itakapokufikia, kabla hujaipeleka mbele, uliza imepigwa na nani, wapi na lini. Usipopata jibu, iache ilale katika simu yako.